Sakafu Atakayopita Bibi Harusi

Dada Furaha,

Nakusihi, haya yabaki kwako. Ndiyo maana kadi hii ya posta nimeitia kwenye bahasha. Mimi na Neema tunataka kufunga ndoa katika kanisa hili la kale unaloliona pichani, lenye maua yaliyochorwa darini. Lakini sakafu yake ni mawe ya makaburi ya mapadri. Nilivua viatu, baridi ikanipanda hadi magotini, na mama anayelitunza kanisa akacheka.

Neema akasema, "Hawa wamehudhuria harusi zote za hapa, na hakuna aliyelalamika."

Naogopa mama yetu atakataa bibi harusi akanyage wafu. Mwulize taratibu, kana kwamba ni habari ya mtu mwingine.

Nakukumbatia. Jibu litume kwa Neema, mtaani kwake Hjulsta. Shangazi, ninayeishi kwake huku Bredäng, hufungua barua zangu, kisha humpigia mama.

Mdogo wako, Amani