Ndege Kumi na Mmoja Niliokufutia

2847 Mtaa wa 13 Kusini,
Milwaukee, Wisconsin.
26 Mei, 2019.

Mdogo wangu mpendwa Delphine,

Pokea salamu za kaka yako. Habari za Tucson, na joto lenu hilo la kukaangia mayai barabarani? Goti la shemeji Ray limepona, au bado analitumia kukwepa kuosha vyombo? Mimi sijambo, ila mgongo, na jambo jingine ambalo nitalifikia. Najua tumezoea kadi za Krismasi tu, na ukiona bahasha nene hivi utadhani kuna msiba. Hakuna aliyekufa. Keti usome taratibu.

Huku bado kuna baridi ya ziwa. Juzi Ijumaa nilikula samaki kwenye ukumbi wa parokia nikiwa na koti mwilini. Shangazi Stasia, na miaka yake tisini na mmoja, alirudi kuchukua sahani ya pili, kisha akanisema mimi kwa kunenepa.

Sasa nije kwa ndege wetu. Bado tunawahesabu pale Uwanja wa Ngozi kila Jumamosi ya Mei, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, njia ileile, vituo vilevile vinne, dakika kumi kila kituo. Ule mwaloni ulioegemea ukuta wa kiwanda cha ngozi alichofanyia kazi baba bado umeegemea. Kamati ya hesabu imeniacha mimi kuwa mtunza fomu, maana hakuna mwingine anayeitaka kazi hiyo.

Kuna kitu kimenitatiza miaka yote hii. Unamkumbuka yule mdogo mwenye koo la rangi ya chungwa, tuliyempa jina la Koo la Moto? Tangu uondoke hajaingia kwenye fomu hata mara moja. Kofia Nyeusi naye vivyo hivyo. Niliandika kwenye ripoti kwamba wametoweka. Nikalaumu paka, nikalaumu vioo vya maghorofa wanavyojigonga, nikalaumu kila aliyewahi kushika msumeno, na nikapanda mialoni sita kwa mikono yangu ili warudi. Hawakurudi.

Basi wakati wa theluji nilizitandaza mezani fomu zote za miaka ishirini na mmoja, nikaziangalia moja moja. Ndege wa sauti nene hawakuwa wamepungua hata kidogo. Wanakula wadudu walewale wa kina Koo la Moto, wanatua kwenye miti ileile, wanatoka kusini siku zilezile. Waliotoweka ni wa sauti nyembamba peke yao. Nikajiuliza, ni paka gani huyu anayechagua mawindo kwa sauti? Nililala na swali hilo hadi majira ya kuchipua.

Mwaka huu tumepata mhesabuji mpya, Marisol Treviño, tarishi wa mtaa wetu. Jumamosi yake ya kwanza, tukiwa kituo cha kwanza, akaniambia, "Andika Koo la Moto, wawili, juu kabisa." Nilisikiliza. Kimya. Sikuandika. Kituo cha tatu akamtaja tena, nikaona nimwambie.

"Mama, hapa hatuandiki ndege wa kufikirika."

"Mzee Florian," akasema, "mimi natembeza barua kutwa nzima, mbwa wananifukuza hadi mlangoni kwa watu. Nije hapa alfajiri na baridi hii nidanganye kuhusu ndege, ili nipate nini?"

Hata hivyo fomu niliiacha tupu. Unanijua nilivyo.

Jumamosi ya tarehe kumi na nane upepo wa ziwani ulikuwa mkali, na unajua jinsi unavyowashusha ndege kutoka vileleni. Kituo cha pili Marisol akanishika mkono wa koti. "Mzee, usitikisike. Kichakani, hapo mbele ya tumbo lako."

Alikuwa hapo, hatua mbili tu kutoka kwangu, koo lake kama kaa lililopulizwa. Akainua kichwa, akafungua mdomo, koo likatetemeka, na mkia nao ukatetemeka. Delphine, sikusikia kitu. Nilisikia upepo. Nilisikia lori likibadilisha gia kule darajani. Nilimsikia Marisol akipumua. Yule ndege alifungua mdomo mara sita mbele ya uso wangu na mimi sikusikia kitu.

"Anaimba?" nikauliza.

"Anaimba? Mzee, huyo anapiga kelele." Kisha akanitazama vizuri, akaacha utani.

Jumatano nilikwenda kwa daktari wa masikio. Alinionyesha mchoro wa mstari unaokwenda sawasawa, halafu unaporomoka. Akasema sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea, hasa kwa mtu aliyesimama kando ya mashine za vyuma miaka thelathini na minne. Akaniuliza nilianza lini kuona tofauti. Nikamwambia sikuona tofauti yoyote, niliona tu ndege wanapungua.

Sasa nimelifikia lile nililokuwa nalikwepa. Miaka mingi wewe ulisikia na mimi niliandika. Mwaka 2011 kamati ikataka kila ndege athibitishwe na watu wawili, na wa pili nilikuwa mimi. Badala ya kusema siwasikii, nilisema hawapo. Nikasema mbele ya wote kwamba Delphine anasikia anachotaka kusikia, nikafuta ndege wako kumi na mmoja. Ulilaza penseli mezani ukasema, "Basi hesabu mwenyewe, kaka." Mwaka uliofuata mkahama, na mimi nikajidanganya kwamba mmefuata joto kwa ajili ya goti la Ray.

Nilikukosea sana, mdogo wangu. Nilikuita mwongo kwa sababu ya masikio yangu, na imeniuma wiki nzima. Naomba unisamehe.

Humu ndani utakuta nakala za fomu za mwaka ule. Nimewarudisha wote kumi na mmoja, kwa wino. Sheria haijabadilika: aliyesikia ndiye anayetia saini, kwa hiyo nimekuachia nafasi pembeni ya kila mmoja. Ripoti ya kutoweka nimeiomba kamati iiondoe. Wa Marisol nao wameingia, na sasa ananiita Mzee Kimya mbele za watu.

Wasalimie sana Ray na mpwa wangu Colette. Shangazi Stasia anakubusu, anasema uje kabla hajazeeka. Mungu awalinde na awape afya njema nyumbani mwenu.

Jambo la mwisho. Daktari atanipa mashine za masikio, ila amesema huenda zisimfikie Koo la Moto. Tangu Jumatano najaribu kuikumbuka sauti yake, kama tulivyoisikia utotoni tukimsubiri baba pale kwenye ukuta wa kiwanda, na siipati tena. Wewe bado unayo. Ukishatia saini, niandikie ilivyokuwa.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda na ambaye sasa nitakuamini,
Florian