Upande wa Pili wa Shuka

Kapsoit, Kericho,
31 Agosti, 1959.

Mwanangu mpendwa Elmina,

Pokea salamu zangu, nawe uzifikishe kwa mume wako Ogari na kwa watoto kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua: ukishaifungua barua huwasahau walioketi karibu nawe. Natumaini hamjambo nyote huko Nakuru, na kwamba kikohozi cha mdogo kimepoa. Mimi ni mzima. Goti la kushoto bado linatabiri mvua, ingawa mwezi wa nane huku kwetu mvua haihitaji nabii. Hunyesha kila siku baada ya chakula cha mchana, na juma lililopita mvua ya mawe ilichana majani chai yote ya ule upande wa mtoni. Ng'ombe hajambo. Nakuandikia kwa Kiswahili kama kawaida, ili Ogari naye asome bila kuomba kutafsiriwa, kwa sababu mambo ya barua hii yanamhusu yeye pamoja na lori lake.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Umeniambia kwamba tangu tumzike mama yako nimekuwa kama nyumba iliyofungwa madirisha. Umenikumbusha kwamba mwezi wa saba nilikujibu kwa sentensi moja tu, kuwa sikusoma kitu wala sikutazama kitu. Ukasema kwamba nikikujibu vivyo hivyo mwezi huu, Ogari atakuja na lori Jumamosi ijayo, apakie vitanda na vitabu, anilete Nakuru nikae nanyi. Kisha ukaniagiza nikuandikie nilichosoma na nilichotazama, kipi kimenipendeza na kipi kimeniudhi, kama nilivyokuwa nikikuandikisha wewe ulipokuwa msichana wa shule. Ni haki yako. Sitajifanya kwamba siliogopi lori. Nyumba hii niliijenga mwenyewe nilipotoka kufundisha Kabianga, na mama yako amelala nyuma ya jiko lake. Basi hii hapa taarifa yangu. Isome mpaka mwisho kabla hujamwita Ogari.

Kitabu cha kwanza sikukitafuta. Nilikuwa nimepeleka koti langu la kanisani likashonwe kwapani, pale barazani kwa duka la Nganga. Anayeshona pale sasa ni Bilhah Nyathira, mjane wa yule fundi Zacheus aliyekushonea sare yako ya kwanza. Miaka ile ya hali ya hatari, Wakikuyu walipotakiwa vibali, alihamishwa akarudishwa kwao. Mwaka jana akaruhusiwa kurejea, akaja na cherehani ileile ya mumewe. Mvua ilipoanza, nikakaa kwenye benchi. Chini ya vitambaa vyake niliona kitabu, nikauliza ni cha nani. Akasema ni chake, lakini macho yake yako kwenye sindano, na kama Mwalimu hana kazi, amsomee kwa sauti badala ya kuitazama mvua kama mtu anayeidai.

Nikasoma. Kitabu kinaitwa Mfanyabiashara wa Chumvi, na kwa sehemu kubwa kimeandikwa vizuri. Kinamhusu mtu anayemtafuta ndugu yake kutoka soko hadi soko, na njiani anakutana na mjane mwenye akili na ulimi. Nilikipenda mpaka karibu na mwisho. Hapo mwandishi, kwa kutojua amfanyie nini yule mjane, akamwua kwa homa katika aya moja fupi. Nilikasirika. Nilimwambia Bilhah kwamba mwandishi asiyeweza kumwoza mtu hana ruhusa ya kumwua. Akajibu, bila kuinua kichwa, kwamba amekisoma mara mbili, na mara ya pili alisoma polepole akitumaini mama wa watu atapona.

Elmina, nilicheka. Nilipokuwa nikipanda kilima kwenda nyumbani ndipo nilipotambua kwamba sijacheka tangu mazishi. Nikatambua jambo jingine pia. Ulidhani niliacha kusoma kwa sababu ya huzuni. Huzuni ilikuwapo, lakini sababu yenyewe ni kwamba miaka yote nilisoma ili nimsimulie mama yako. Baada yake, nilikuwa nikifika ukurasa wa tano najiuliza nitamwambia nani, kisha nakifunga kitabu.

Kitabu kilichonipendeza kuliko vyote mwezi huu ni kidogo na hakina hadithi. Ni cha ufugaji wa nyuki. Mwandishi wake hakupamba. Anasema jambo, kisha ananyamaza. Nilikipeleka Roret kwa baba yako mdogo Kipkosgei, ambaye mzinga wake ulikuwa mtupu tangu mwaka juzi. Aliniambia kwamba kitabu hicho wamekisoma watu, lakini nyuki hawajakisoma. Nikamsihi augeuze mzinga mdomo wake usielekee upepo, kama kitabu kinavyoelekeza. Aligeuza kwa kunifurahisha. Nyuki wameingia. Sasa anatangaza kote Roret kwamba walikuwa njiani wakija kwa hiari yao. Bilhah naye hakukipenda kitabu hicho hata kidogo. Alisema mtu aliyekiandika hajawahi kuumwa. Hapo amekosea, nami nimemwambia.

Sasa yaliyoniudhi. Kuna gazeti linalochapa hadithi kwa vipande, kila juma kipande kimoja, juu ya mke wa karani aliyetoroka na sanduku ambalo hakuna ajuaye lina nini. Kila Ijumaa nilishuka Kapsoit kuisoma pale barazani. Kipande ambacho sanduku lilifunguliwa, Nganga alikitumia kufungia sukari. Nilimwuliza aliyeinunua ni nani. Akasema sukari hununuliwa na kila mtu, na kwamba wateja wake hawajalalamika kuwa sukari ilikuja bila hadithi. Ikatubidi tubuni wenyewe. Mimi nilisema ndani ya sanduku mna barua za zamani. Bilhah alisema mna viatu vya mtoto aliyefariki, ndiyo maana hakuweza kuliacha. Ijumaa iliyofuata tulisoma kwamba mlikuwa na vito vya dhahabu. Nilisikitika kabisa, kwa sababu sanduku la Bilhah lilikuwa la kweli zaidi.

Nimefikia sinema, na hapa utanivumilia.

Gari la sinema lilikuja katikati ya mwezi, likasimama uwanja wa mpira wa kambi ya wachuma chai. Walifunga shuka jeupe kwenye goli, mlingoti hadi mlingoti. Mbele walijaa watu wa kambi, akina mama na mabenchi yao, na watoto wasiohesabika. Mimi ni mzee wa kanisa; sikutaka kubanwa humo. Nilienda kukaa nyuma ya goli, ambako watu walikuwa wachache na heshima nyingi, maana picha hupenya shuka na kuonekana vizuri pande zote mbili. Nilikuwa nimechelewa makusudi, nisione picha ya kwanza inayofundisha watu wazima kupiga mswaki.

Picha ya pili ilikuwa hadithi. Kijana anarudi kutoka kazi ya mbali, anampelekea baba mkwe blanketi. Na alimpa kwa mkono wa kushoto. Nilidhani nimeona vibaya. Akawasalimu wazee kwa mkono wa kushoto, akala kwa mkono wa kushoto, na katika kijiji kile chote hakuna aliyemkanya. Kabla ya mwisho mvua ya mawe ikatutawanya. Nilirudi nyumbani nimechafuka moyo, na Jumapili nikawaonya vijana wa darasa la ubatizo dhidi ya picha zinazofundisha kuwadharau wakwe.

Jumatatu nilimwambia Bilhah. Akaacha cherehani. Akasema kijana yule alitoa kwa mkono wa kulia, tena akiushika kiwiko kwa adabu, na kwamba yeye alikuwa palepale na macho yake mawili. Nikamjibu kwamba nimesahihisha kazi za watoto maisha yangu yote na naujua mkono wa kulia ninapouona. Akaniambia, "Basi, Mwalimu, daftari zimekumaliza macho. Nenda hospitali ukapimwe." Wateja wakaingilia. Wengine waliapa kwamba ni kushoto, wengine wakaapa kwamba ni kulia, na mama mmoja mwenye kikapu cha viazi akasema kwamba kama tumekosa la kugombania, tumsaidie kubeba. Nganga alituomba tusipatane upesi, kwa kuwa siku ile aliuza chai na mandazi kuliko siku ya soko. Katika makelele yote yale, hakuna hata mmoja aliyeuliza nani alikaa wapi.

Nilipomaliza kulivaa koti langu nilisema maneno ambayo sikupaswa kusema: kwamba ubishi wa namna ile ni wa mtu aliyezoea kuishi bila mume wa kumwuliza. Alirudi kwenye cherehani yake. Nami nilijua nimemwumiza, nikaondoka hivyohivyo.

Siku zilizofuata sikushuka Kapsoit. Nilianza kitabu cha safari za majini, kizuri, na nilipofika mahali ambapo nahodha anadanganya, niliinua kichwa nimwambie mtu. Kulikuwa na kiti cha mama yako na ukuta. Nitakuambia ukweli: aliyenijia akilini wakati huo hakuwa mama yako. Nilikifunga kitabu nikatoka nje kumtazama ng'ombe, ambaye hakuwa na haja nami.

Juma lililokwisha gari lilirudi kutumalizia picha ile, wakaianza upya. Nilienda mapema, na safari hii nilikaa mbele, kwenye benchi la kwanza, katikati ya watoto, ili nishuhudie ule mkono wa kushoto kwa karibu na jambo liishe. Kijana akaja na blanketi. Akalitoa kwa mkono wa kulia, kiwiko kimeshikwa kwa adabu. Nikatazama wazee, nikatazama chakula. Kila kitu kulia. Hapo ndipo nilipoyafikiria maandishi ya mwanzo wa picha, yaliyosomeka sawasawa, nikakumbuka karatasi iliyoandikwa kwa wino: ukiigeuza na kuiinua dhidi ya taa, kulia huwa kushoto. Ningaliyaona maandishi siku ile ya kwanza, ningalijua. Lakini nilifika maandishi ya mwanzo yamekwisha kupita, na mvua ikala mwisho.

Niliinuka hapohapo nimtafute Bilhah nimwombe radhi. Hakuwa kwenye benchi la akina mama. Nikazunguka goli kwenda nyuma, na kwenye mlingoti nikakutana naye akija mbele kunitafuta mimi. Alikuwa amekaa nyuma ili asinione. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Mwalimu, ni kushoto. Nimekuonea." Nikamwambia kwamba la, ni kulia, mimi ndiye niliyemwonea. Tukaanza tena kubishana, kila mmoja akitetea maneno ya mwenzake, mpaka sauti ikatoka gizani ikisema, "Mzee, keti, kichwa chako kimeingia harusini." Na kweli kivuli changu kilikuwa kimesimama juu ya shuka kati ya bibi na bwana arusi. Tulikaa palepale chini, pembeni kwenye mlingoti, mahali ambapo picha haionekani vizuri upande wowote. Kwa hiyo siwezi kukuambia iliishaje.

Darasa la ubatizo nimelisahihisha jana. Nimewaambia vijana kwamba mwalimu wao alihukumu picha akiwa nyuma yake.

Sasa, mwanangu, jambo ambalo nimelizungukia tangu aya ya tatu. Siku iliyofuata sinema ile nilishuka Kapsoit nikamwomba Bilhah Nyathira awe mke wangu. Sikujipamba. Nilisema kama kitabu cha nyuki, kisha nikanyamaza. Alishona mpaka mwisho wa pindo kabla hajanijibu. Akaniuliza kama nina hakika kwamba simwangalii kwa nyuma ya shuka, yaani kwamba ninayemwona si mama yako Chepkemboi aliyegeuzwa. Nikamjibu kwamba mama yako alinisikiliza bila kunikatiza hata mara moja, na akinikosoa alinikosoa kesho yake, kwa neno moja. Na kwamba yeye, Bilhah, hajaniacha nimalize ukurasa tangu tukutane. Siwezi kuwachanganya hata gizani. Mama yako nitampenda mpaka nilale kando yake. Hilo Bilhah analijua, na hakuniomba nilipunguze.

Akasema anakubali kwa upande wake, lakini hataingia nyumba ambayo binti wa nyumba hiyo hajamfungulia mlango. Kwa hiyo hajanipa neno la mwisho. Neno la mwisho ni lako. Nakuomba ulipime kwa utulivu. Usikubali kwa kunihurumia, wala usikatae kwa sababu ya watu watakaouliza kwa nini Mkipsigis mzee amwoe Mkikuyu. Watauliza wiki mbili, kisha watahitaji kushonewa nguo.

Kuhusu lori: Ogari aje Jumamosi kama mlivyopanga, nawe uje pamoja naye. Ukikataa, nitapanda mwenyewe na vitanda vyangu, wala sitabishana nawe, maana nakuahidi kutii. Lakini ukikubali, mwambie Ogari apitie kwanza dukani kwa Nganga. Cherehani ya Bilhah ni ile ya miguu, ya chuma kizito, na kilima chetu kinateleza sana mwezi huu. Haibebeki kwa mikono.

Nisalimie jirani yenu Priscah, na watoto wote mmoja mmoja kwa majina yao. Baba yako mdogo Kipkosgei anawaletea asali, ingawa bado hajakubali ilitoka wapi. Mungu awalinde njiani, nami nitakuwa langoni tangu asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe.

Ni mimi baba yako akupendaye,

Johana arap Mosonik