Benchi la Mgeni Rasmi

Jumatatu, 4 Machi
Benchi limefika! Fundi kalichomelea vizuri, mbao zimepigwa vanishi. Lipo pale konani, katikati ya nyumbani na zahanati, mahali nilipopapigania tangu nijiunge na chama chetu cha kuboresha mtaa. Magoti ya Mama hayamfikishi zahanati bila kupumzika. Siku zote hukaa kwenye ukingo wa mtaro, na uvundo wake wote. Sasa basi!

Jumatano, 6 Machi
Nilifurahi mapema. Leo benchi limevishwa nailoni na kuzungushiwa kamba. Mwenyekiti wetu — tunamwita Itifaki, nadhani hata chooni huenda kwa ratiba — anasema halikaliwi mpaka mgeni rasmi alizindue. Mgeni gani? Bado wanamtafuta. Wanamtafuta!

Jumamosi, 9 Machi
Kikao. Ajenda: rangi ya utepe. Watu wazima na akili zao, wanabishana bluu au kijani. Nikauliza, wazee wakae wapi kwa sasa? Mweka hazina akanijibu nisilete mambo yangu binafsi kwenye mambo ya jamii. Kwani Mama si jamii? Nikaandika muhtasari, ndiyo kazi ya katibu. Soda zikagawiwa.

Alhamisi, 14 Machi
Mgeni kapatikana, mkubwa mmoja wa wafadhili. Kisha kaahirisha. Ngoja ngoja huumiza matumbo, kwa Mama inaumiza magoti. Na wameweka mlinzi! Chama cha kuboresha mtaa kimeajiri mtu wa kuzuia watu wasipumzike. Kinyaa kitupu. Mama leo kakaa mtaroni, benchi liko pale pale mbele yake. Karudi na tope kwenye gauni, kaanza kulifua. Heri angelalamika.

Jumatatu, 18 Machi
Mama hakwenda zahanati. Eti ataenda wakishazindua. Hatanii. Dawa za presha zimekwisha, na miguu imeanza kuvimba. Nimempigia Itifaki. Kaniambia nivute subira, mapazia ya hema bado hayajapatikana. Mapazia!! Nimemkatia simu.

Jumamosi, 23 Machi
Uzinduzi. Spika, hema, viti vya plastiki chungu nzima, vyote vya wageni. Mama katokea na mkoba wake wa zahanati, pole pole. Kainua kamba, kapita. Kachana nailoni kwa mikono yake. Kakaa.

Mlinzi kageukia kwingine. Kasema huyo ni sawa na mama yake, yeye hamgusi.

Itifaki kanijia jasho likimtiririka. "Katibu, mwambie bi mkubwa asogee, gari la mgeni limeshakata kona!" Nikaenda, nikamwambia Mama. Nilijichukia kwa kumwambia.

"Wacha nipumzike kwanza, mwanangu," kasema. "Huyo mgeni naye akichoka, nafasi ipo."

Basi nami nimekaa. Naandika hapa hapa, nyuma ya ratiba ya sherehe, nitanakili kwenye shajara nyumbani. Vanishi bado inanata, imenishika suruali — hata hawakuiacha ikauke, wakaifunika! Mweka hazina ananikonyeza niondoke. Akonyeze mpaka jicho limtoke. Watu wanacheka, wengine wanapiga picha. Mgeni ameshuka, anauliza kama hawa ndio wenye benchi. Sasa wanakuja wote. Vijana wa Itifaki wamefunga utepe kutoka nguzo hadi nguzo, umepita juu ya magoti ya Mama. Mama kamsogezea mgeni nafasi. Mwenyekiti ana mkasi mkononi, na hajui akate wapi —