Mkoba Ulioushona Wewe

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kwenye kiti chako karibu na dirisha, magoti yamekupa nafuu na Mama amekuficha sukari kama daktari alivyoagiza. Mwambie fulana aliyonifumia imefika. Mikono ni mirefu kidogo, ila kazini kuna baridi, kwa hiyo inanifaa. Wajukuu zako hawajambo. Mkubwa ameng'oka jino na hataki kulitupa.

Mimi sijambo kwa mwili. Kwa mengine, naomba unisikilize polepole.

Dada alinipigia simu akasema kampuni imekualika kwenye sherehe ya Ijumaa, upande jukwaani uwaambie wageni kwamba mikoba uliyoishona kwa miaka thelathini bado inaishi. Alisema suti umeshaipiga pasi na unajizoeza kusema mbele ya kioo. Nilicheka, halafu nikashindwa kumaliza chai. Ndiyo maana nampa jirani anayesafiri kesho barua hii. Kwa simu ningekata kabla ya kufika panapouma.

Miaka miwili iliyopita wakubwa walitangaza ahadi yao ya mazingira: hakuna mkoba wetu utakaotupwa wala kuchomwa moto, na kila utakaorudishwa utatengenezwa na kupelekwa kwa mwenyewe. Waliibandika kila mahali kwa herufi za kijani, hata kwenye mlango wa choo. Sisi wa chumba cha matengenezo tulifurahi kweli. Nilikumbuka ulivyokuwa ukisema kwamba mkoba ulioshonwa vizuri humzika anayeubeba.

Lakini mafundi tulikuwa wanne, na mikoba ikaja kwa masanduku. Unajua mwenyewe kazi ya kufumua mshono wa zamani, kulainisha ngozi, kupaka uzi nta na kupita kwenye matundu yaleyale bila kuongeza hata moja. Ni siku mbili nzima, wakati kiwandani mkoba mpya unatoka asubuhi moja. Kufikia mwezi wa tano tulikuwa tunaipanga chini ya meza. Meneja wetu, mama mpole ambaye hajawahi kushika sindano, alituita akauliza tutafikaje mia kwa mia kabla ya ripoti ya mwaka.

Utakumbuka kwamba nambari ya mkoba hugongwa kwenye bizimu ya shaba ya kufungia mkanda, si kwenye ngozi. Basi ikapatikana njia. Bizimu inang'olewa na kufungwa kwenye mkoba mpya, na kompyuta inasoma kwamba nambari fulani imetengenezwa. Mteja anatusifu kwa kuufanya kama mpya. Wa zamani tunaukata vipande, na kampuni nyingine inakuja kuvichukua ikavichome kwake, ili moshi usiwe wetu. Mwaka huu tumefika tisini na nane kwa mia. Sherehe yenyewe ni ya hilo.

Jumanne ulifika mkoba wa kahawia. Nilipougeuza mshikio niliona ile mishono yako mitatu ya kurudi nyuma, ambayo msimamizi wako alikukataza na wewe ukamjibu ndiyo huku ukiendelea. Ulikuwa umefumuka mahali pamoja tu, urefu wa kidole. Mteja alitia karatasi ndani akieleza kuwa ulikuwa wa marehemu mama yake, na akaomba tusibadilishe kitu. Ningeumaliza kabla ya chakula cha mchana. Lakini mingine kumi na tisa ilikuwa inangoja, na meneja alikuwa amesimama nyuma yangu. Niliukata, Baba, kwa kisu ulichonipa wewe.

Najua Mama atasema nililazimishwa. Sikulazimishwa. Siku ile meneja alipouliza, aliyejibu ni mimi. Nilisema kwa utani kwamba kompyuta haijui ngozi, inajua bizimu. Wenzangu walicheka. Meneja hakucheka, aliandika. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wiki mbili baadaye nikapewa usimamizi wa chumba, nikakupigia simu, nawe ukalia kwa furaha. Cheo chenyewe kilitoka hapo, na naona aibu kukuandikia hivi.

Kwenda au kutokwenda ni juu yako. Sikutaka tu upande jukwaani bila kujua, maana hujawahi kuwaambia watu uongo, na sitaki wa kwanza utoke kwangu. Mwenye mkoba nitamwandikia Jumatatu nimweleze yote. Najua kazi itakuwa imekwisha.

Kwenye bahasha utakuta mshikio wake. Huo sikuweza kuuweka pamoja na vipande vingine, nikautoa kazini ndani ya soksi. Uvute kwa nguvu uone. Mishono yako haijalegea hata mmoja.

Msalimie Dada, na umwombe Mama asinikasirikie kabla sijaja.

Ni mimi mwanao, uliyekuwa ukiniita Kisu Butu. Laiti ningebaki hivyo.