Baba Efraimu, Neno Lako Lilimshika Ikupa Mkono

Ni mwaka sasa, Baba yetu Efraimu Mbonile, tangu walipokunywesha kifo mbele ya macho yetu. Kahawa yako ya Mlowo imeiva tena, na mikono yako haipo.

Ulikuwa mtu wa kucheka kwanza, kisha ndipo unauliza kilichochekesha. Wagonjwa wa majirani uliwapeleka hospitali kwa baiskeli yako, ukiisukuma mlimani huku unaimba besi. Asubuhi, chai ikichemka, ulitusomea Biblia ukiwa umeshavaa buti za shamba. Mtu akisinzia, ulimuuliza, "Umesikia, au umesikiliza?"

Kwenye kwaya ya kanisa, Sadock naye aliimba besi, bega kwa bega na wewe. Ng'ombe wake walipokufa, akasema ni mkono wako. Akaleta lambalamba, wale waganga wanaopita wakidai kufichua wachawi. Wakakunyoa kichwa kama mfungwa, wakakunywesha dawa yao kwa nguvu, na Sadock ndiye aliyekushika mabega. Siku ya tatu ukatutoka. Waganga walitoroka. Sadock alikamatwa, akaachiwa, maana, ukitutoa sisi wa nyumbani, wote walioona waligeuka bubu.

Mwanao Ikupa hakulia. Chakula kilimkataa, usingizi ukamkimbia. Siku moja, mchana kweupe, alijaza mafuta ya taa kwenye chupa, akafunga kiberiti kwenye pindo la kanga, akaenda kwa Sadock. Alimkuta akigeuza kahawa kwenye vichanja. Akafungua chupa.

Sadock akapiga magoti. "Ikupa mwanangu, baba yako angenisamehe."

"Usimtaje Baba!"

Akainua chupa. Ndipo, anasema, yakamjia yale maneno uliyotusomea mpaka tukayachoka, kwamba kisasi ni cha Bwana. Aliyachukia. Alitamani usingetufundisha. Lakini yalikuwa yameshaingia, na hayatoki.

Akamwaga mafuta yote ardhini, miguuni pa Sadock.

"Sijakusamehe," akamwambia. "Neno la Mungu halijasema huna hatia. Limesema kisasi si changu. Kina mwenyewe, na mwenyewe hahitaji kiberiti."

Alirudi nyumbani akaomba ugali, akala mpaka Mama akatokwa machozi.

Baba, kwenye kusamehe hatujafika, tusidanganyane. Hasira ikimpanda, Ikupa hufungua Zaburi, zile ambamo Daudi anamwomba Mungu awavunje adui zake meno, akazisoma kwa sauti, dirisha wazi.

"Shusha sauti," Mama humwambia.

"Daudi hakushusha."

Akimaliza, anatulia. Moto usingemtuliza hivyo.

Sadock ametuma wazee na mbuzi, tupatane. Mama aliwarudisha na mbuzi wao. "Ameniulia mume mbele za watu," alisema. "Aje asimame kanisani mbele ya watu hao hao, aseme: Efraimu hakuwa mchawi, na mimi ndiye niliyemshika." Mpaka leo hajasimama. Huja Jumapili hadi mlangoni, akituona tumegeuka kumtazama, anarudi alikotoka. Tutaendelea kumtazama.

Unakumbukwa na mkeo Loisi. Wanao Wilbard, Lusubilo na Ikupa. Wakwe zako, wajukuu zako, na wanakwaya wenzako wote, isipokuwa mmoja.

Maadamu tuna pumzi, Baba, jina lako halitazikwa.