Friji ya Chumba cha Baba

Jumamosi. Ukungu umeukalia mlima tangu asubuhi na manyunyu hayajakatika, lakini mimi nina furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Nimevua viatu, miguu imevimba, na bado nimejifunga kilemba cha sare ya harusi.

Mdogo wangu Felista ameolewa leo. Baba ndiye aliyempeleka mpaka altareni.

Sentensi hiyo ya mwisho inaonekana ya kawaida. Kwetu si ya kawaida hata kidogo.

Baba aliacha pombe. Mnaonisoma siku nyingi mnajua, nimeshaandika hapa kuhusu miaka ile ya pombe ya komoni, ya kumfuata vilabuni na kumrudisha nyumbani yeye na koti lake. Ameacha kweli, mwaka wa pili unaelekea kwisha. Ila ndugu hawajamwamini, hasa mjomba. Na kwetu sisi Waluguru mjomba ana sauti, maana mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba alisema mbele ya kikao cha harusi kwamba siku hiyo Baba akinuka, hata harufu tu, yeye mwenyewe atamshika Felista mkono na kumwingiza kanisani, na Baba atakaa nyuma na wageni waalikwa. Baba alikuwepo kikaoni. Aliitikia kwa kichwa, basi.

Sasa nifikirieni mimi, mtu mzima mwenye akili timamu, nikaenda nikampangishia chumba chenye bia.

Sikujua. Nilichotaka ni asishuke kutoka kwetu Mgeta alfajiri kwa barabara ile ya matope, suti mkononi. Nikamchukulia chumba hapa mjini, hoteli ileile niliyofikia mimi. Mama alilala kwa shangazi Kihonda pamoja na bibi harusi. Jana jioni nilimkabidhi Baba ufunguo, nikamwonyesha swichi ya maji ya moto, nikakimbilia saluni. Kale kafriji kalikokuwa chini ya televisheni sikukafungua. Chumbani kwangu hakapo, changu ni cha bei ya chini.

Asubuhi nikiwa nashuka kunywa chai, dada wa mapokezi akaniita kwa adabu zote. "Dada, samahani. Friji ya chumba cha mzee imeisha yote. Bia zote na zile chupa ndogo za wiski. Tuweke kwenye bili yako? Na je, tujaze tena?"

Tujaze tena.

Akanisogezea bili, sikuiona hata namba moja. Najua watu hugombana sana kwa bili za namna hiyo, bia ya kawaida kulipishwa kama imeletwa kwa ndege. Mimi ningelipa mara tatu yake kama tu angeniambia amekosea chumba. Nikamuuliza. Hakuwa amekosea.

Nikapanda ngazi. Nitasema ukweli, kwa sababu hapa ndipo ninaposemea ukweli: sikumwonea Baba huruma. Nilimtukana moyoni kila ngazi. Nilikuwa nimeshaanza kutunga uongo wa kumwambia mjomba, kwamba mzee ameamka na malaria. Nilimwona Felista akilini, amesimama mlango wa kanisa, anatazama barabarani, halafu anashikwa mkono na mtu mwingine.

Baba alikuwa mbele ya kioo, amevaa suti, anapigana na tai.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mama."

Nikamwambia aniachie mimi ile tai. Shida haikuwa tai. Nilitaka kusogea karibu. Nilikunja, nikakunjua, nikakunja tena, pua yangu ikiwa karibu na kidevu chake. Alinuka sabuni, na suti ilinuka naftalini ya sandukuni. Sikuridhika. Anayejua kuficha anajua pia kuoga. Nikasingizia bafu, nikaenda kupekua kapu la taka, nikachungulia nyuma ya choo. Nilipotoka nikajifanya nimedondosha hereni ili niangalie chini ya kitanda. Ndiyo, nikiwa na gauni la sare.

"Mama," Baba akasema, "chupa ziko kabatini."

Akafungua kabati, akainua blanketi la akiba. Zote zilikuwepo, zimelazwa vizuri na kufunikwa, vifuniko havijaguswa.

Akanieleza taratibu. Jana alifungua friji ili aweke maji yake. Taa ikawaka, akazikuta zimejipanga zinamtazama. Akafunga. Akajilaza, friji ikawa inanguruma. Akaona hapana, hawawezi kulala pamoja hivyo. "Nikazitoa," akasema. "Nikaona bora nazo zifunikwe zilale."

Asubuhi binti wa usafi akabisha hodi, akamuuliza: "Mzee, umetoa kitu kwenye friji?" Na Baba, ambaye siku hizi hataki deni la uongo na mtu yeyote, akamjibu: "Nimetoa zote, mwanangu."

Kumbe pale hotelini kutoa ni kunywa. Kwa Baba, kutoa ni kutoa. Binti akachungulia friji, akaikuta tupu, akashuka na habari.

Nilicheka mpaka nikakaa kitandani. Halafu kicheko kikageuka, nikalia, wanja niliopakwa kwa pesa nzuri ukateremka wote. Baba aliniacha nimalize.

"Ulikuwa unaninusa," akasema. "Ungeniuliza tu."

Akafikiri kidogo, akamalizia tai yake mwenyewe. "Ingawa ningekujibu, usingeniamini."

Hakusema kwa uchungu. Ndiyo maana neno lile liliniingia.

Yule binti alipoitwa aje kuzichukua, aliziba mdomo kwa mikono miwili. "Jamani mzee wangu, nisamehe, mimi nilijua umekunywa!" Baba akamwambia hana kosa, ameelewa alichoambiwa. Kisha akanyoosha kidole kwenye bili niliyopanda nayo. "Ila korosho nimekula. Hizo waziandike." Kile kipakiti kilikuwa na bei ya kumtia mtu kichaa, na kwa mara ya kwanza maishani nimelipa korosho kwa bei hiyo huku nikisema asante.

Mlangoni mwa kanisa mjomba alimkumbatia Baba kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida yake. Wote tulielewa kwa nini anachelewa kumwachia. Baba alisimama wima akamwacha anuse mpaka aridhike. Mjomba alipomwachia, alimrekebishia ua la kwenye koti, akasogea pembeni mwenyewe bila kuambiwa. Felista akashika mkono wa baba yake, wakaingia.

Ukumbini mshereheshaji akatangaza wazazi wainue glasi. Nikamwona mhudumu anapita na sinia la mvinyo kuelekea meza kuu. Macho yangu yakaanza safari yao yenyewe, kama yalivyozoea miaka yote: sinia, glasi, mkono wa Baba. Nimeshinda kwenye sherehe nyingi namna hiyo, sijui hata keki zake zilikuwa na rangi gani.

Nikageuza kiti. Nikaangalia keki ya Felista. Ni ya rangi ya maziwa, ina maua ya zambarau pembeni.

Nyuma yangu nikasikia glasi zinagongana, na Baba anacheka. Sikugeuka.

Shingo inaniuma mpaka sasa. Sijui kama kesho nitaweza tena kutogeuka.