Ramani Iliyo Ukutani kwa Mama

Baba,

Mama ameitundika ramani yako sebuleni, pembeni ya Ayatul Kursi, na mimi ndiye niliyepigilia msumari.

Siku ya tatu ya msiba alikuja mzee wa Kizungu. Alivua viatu mlangoni, akakaa jamvini na wanaume, kisha akaniita kando akanipa bahasha. Akasema mmefanya kazi pamoja miaka ishirini kwenye ghala la mvinyo. La mvinyo, Baba! Sisi ulituambia ghala la dawa. Nilipokuwa skuli tukiongozana kila asubuhi hadi stesheni ya Harrow, hapa London, na ukirudi jioni ulikuwa unatafuna karafuu. Leo najiuliza zile karafuu zilikuwa za nini.

Ndani ya bahasha mlikuwa na ramani hii, ya mashamba ya mizabibu ya Bourgogne, huko Ufaransa. Umeyachora kwa penseli, kipande kwa kipande, kila kimoja na jina lake. Mzee alinieleza kuwa jina la shamba ndilo linaloandikwa kwenye chupa. Ukivuka njia tu, jina jingine na sifa nyingine, na mteremko ni ule ule. Uliyajua yote kwa moyo, na hukupata kufika huko.

Mama, asiyesoma ila herufi za Kiarabu, alinipokonya karatasi akaibusu. “Wallahi babaako hakusahau kwao! Ndo makonde yetu ya Pemba haya, na mikarafuu yake.” Nilitaka kumwambia, nikashindwa. Kesho yake akaweka kidole juu ya kipande kilichoandikwa Volnay: “Hili la nani, mwanangu?” Nikasema la bibi mzaa baba. Mungu anisamehe. Sasa Pommard ni la Ami Khamis, na kila siku naongeza jingine.

Na Jumamosi huyo Ami anakuja kutoka Croydon kwa hitima yako ya arobaini. Ami anasoma. Atasimama mbele ya ule ukuta na miwani yake, na unamjua nduguyo, hana kifua.

Nimekukasirikia, Baba. Nakasirika, halafu napita penye koti lako mlangoni, nalia. Mzee aliapa kuwa hukuonja hata tone, eti ulikuwa ukinusa tu. Lakini pembeni ya Volnay umeandika kwa Kiswahili, kwa herufi ndogondogo: *laini, hukaa ulimini.* Ulimini mwa nani?

Nakuahidi hivi. Kesho baada ya alasiri nitaiteremsha ramani, nimketishe Mama, nimwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu. Nitamwambia ghala lilikuwa la nini, na kwamba bibi hakuwa na shamba Volnay. Akilia nitalia naye. Akiniuliza kama ulikunywa, nitamjibu sijui.

Kwaheri, Baba yangu. Mola akulaze pema, akusamehe, anisamehe na mimi. Yale maneno ya pembeni nimeshayafuta kwa raba.

Mwanao,
Zuwena